Mvua ilikatika Alhamisi: Jumapili njia ya Jilore itapitika?

kijana_wa_ganda
Hamjambo wapanda baiskeli. Naomba ushauri kabla sijawatoa watu nyumbani bure.

Tuko sita, baiskeli za mlimani za mitumba lakini nzima. Tunatoka Ganda, karibu na Malindi, tunafuata vijia vya mikoroshoni hadi Kakuyuni, kisha Jilore, tunarudi kwa kuambaa na msitu wa Arabuko-Sokoke. Wiki iliyopita mvua ilipokatika tulihesabu siku mbili tukaondoka. Kwenye mchanga, raha tupu, kuliko hata kiangazi. Tulipofika udongo mwekundu, juu pamekauka kama chapati, tairi zikatoboa. Tope likajaa kwenye foku, ule uma unaoshika gurudumu la mbele, mpaka gurudumu likagoma kuzunguka, ikabidi tubebe baiskeli mabegani.

Kibaya zaidi, tuliacha mifereji kwenye kijia ambacho mama mmoja hupita kwenda kuteka maji. Alitusema kwa Kigiriama, na mwenzetu anayekijua alikataa kututafsiria.

Sasa mvua imekatika tena, Alhamisi alfajiri. Tungoje siku ngapi?

cheni_kuukuu
Ukihesabu siku utabeba baiskeli tena. Hiyo unayoiita njia moja ni njia tatu, na kila moja ina udongo wake.

Mchanga una matundu makubwa, kwa hiyo maji hushuka yenyewe ndani ya saa chache. Unyevu unaobaki ndio unaozishika chembe, ndiyo maana uliona raha. Hapo usingoje chochote, tena ukikawia wiki utazama na kusukuma. Wekundu una chembe laini za mfinyanzi, matundu madogo, maji yanang'ang'ania. Tena ukishakauka vidole viwili juu, hilo ganda linafunika unyevu wa chini usipande. Macho yanakwambia pakavu, chini ni uji.

Ukifika hapo shuka. Choma kijiti au ponda kwa kisigino. Chota udongo wa chini ya ganda, ufinyange: ukifanya mkia kama wa mjusi bila kukatika, geuza baiskeli. Ukimeguka vipandevipande, pita.

pwani_raha
Jamani mnakuza mambo. Jua letu linapiga kuanzia saa mbili, kufikia adhuhuri kila kitu kimekauka. Nguo zangu hukauka nusu saa.

cheni_kuukuu
@pwani_raha nguo umezianika kwenye kamba, upepo unapita pande zote. Kijia kimelala chini, na kimekanyagwa miaka na miaka mpaka kimeshindiliwa. Maji hayapenyi. Halafu kimebonyea, kwa hiyo shamba zima linamwaga maji yake humo. Ndiyo maana utaona mihogo pande zote mbili imesimama pakavu na katikati kuna bwawa. Na hii ni masika, kusi inavuma kutoka baharini, hewa yenyewe imeshiba maji. Mvua kiasi hichohicho ikinyesha Februari wakati wa kaskazi, siku moja umemaliza.

binti_kakuyuni
Mimi natumia hivyo vijia kwa miguu, na kwa ndoo kichwani. Kaka, mama wa watu hakukasirikia baiskeli. Mfereji wa tairi ukikauka unakuwa mgumu kama saruji, unateguka kifundo cha mguu. Mvua inayofuata inaufuata huohuo mfereji, inauchimba. Si mmeona Marafa kule Nyari maji yalivyoula mchanga mpaka pakawa korongo? Hatutaki Nyari ndogo nyuma ya jiko.

Jambo lingine: mkikuta dimbwi mnalizunguka kwa kupita shambani. Wiki ijayo dimbwi limepanuka, na kijia kimekula mistari miwili ya mahindi. Piteni katikati, muloe. Kama hampendi kuloa, rudini.

kijana_wa_ganda
@binti_kakuyuni samahani dada, kwa kweli hilo la kuzunguka tumelifanya. Na je, kuna pahali chini ya miembe miwili, kabla ya kuteremkia Jilore, hapakauki hata wiki ipite. Pana nini?

fundi_spoku
Kivuli, majani yaliyooza, na miembe inaendelea kudondosha maji muda mrefu baada ya mvua kuisha. Chukueni jembe. Tafuteni upande wa bondeni, mfyeke ukingo mdogo kama upana wa koleo mbili, maji yatoke. Nusu saa ya kazi. Lakini mwombeni kwanza mwenye shamba!

Tope likiingia kwenye cheni usimwage mafuta juu yake, unatengeneza msasa. Osha, kausha, ndipo upake. Wateja wangu wote wa mwezi wa tano ni wa kosa hilo.

pwani_raha
Haya, basi nendeni ufukweni, hakuna mfinyanzi huko.

cheni_kuukuu
Siku za bamvua, mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, ni wazo zuri, maji hukupwa sana mida ya saa nne na saa tano asubuhi, na mchanga uliotoka majini ni mgumu kama lami. Ila masika Mto Sabaki unamwaga tope lake baharini, ufuo wa karibu na mlango wa mto unageuka kahawia. Na chumvi ikishaingia kwenye beringi, muulize fundi.

fundi_spoku
Msiniulize. Nileteeni.

kijana_wa_ganda
Mrejesho, Jumapili jioni. Tulianza saa moja kwenye mchanga ungali na unyevu. Kakuyuni tukapima kwa kijiti sehemu tatu: mbili zilimeguka, ya tatu ikatoa mkia mrefu kuliko mjusi wenyewe. Tukageuza baiskeli hapo, Jilore hatukuiona. Wawili walinuna.

Tulirudi kwenye ile mifereji yetu tukaisawazisha kwa jembe la kuazima. Mama alikuja akasimama, akatutazama kazi nzima, kisha akasema neno moja. Mwenzetu safari hii ametafsiri: "Ndani zaidi." Tukachimba ndani zaidi.