Dhoruba ya theluji inaanza leo jioni, nipo Boston kikazi: nitapata wapi kitu cha kusoma?

Msafiri wa Mkwakwani:
Ndugu wanajukwaa, nawasalimu. Nipo Boston, Marekani, kwa kazi ya siku tisa, na watabiri wa hali ya hewa wametangaza kwamba theluji itaanza kuanguka leo jioni na haitakatika hadi keshokutwa. Mhudumu wa hoteli ametushauri tuchaji simu mapema, kwa kuwa umeme unaweza kukatika. Kitabu nilichokuja nacho kilikuwa kimoja tu, nacho nimekisahau kwenye teksi jana jioni. Sasa ni saa tatu asubuhi na kikao chetu kimeahirishwa. Naomba ushauri: nitapata wapi kitabu cha karatasi kabla barabara hazijafungwa?

Mama Salha:
Mwanangu, kitabu hakiliwi. Nunua kwanza mkate, maji, ndizi na soksi nzito. Vijana mkisafiri mnakumbuka starehe na kusahau tumbo, halafu wazazi huku nyumbani ndio wanaokosa usingizi.

Baba Neema, Minnesota:
Mama Salha amesema kweli. Mwaka wangu wa kwanza huku nilitoka kwenda dukani umbali wa mitaa miwili, nikiwa na viatu vya ngozi nilivyoshonesha Morogoro, na niliporudi sikuvisikia vidole vya miguu kwa muda wa saa nzima. Huko Boston wazee bado wanaisimulia dhoruba ya Februari 1978, iliyomwaga theluji ya sentimita 69 hivi na kukwamisha maelfu ya magari katika barabara ya 128. Mwaka 2013 gavana alipiga marufuku magari barabarani kabla theluji haijakolea. Usidharau tangazo hilo.

Mkutubi:
Nijibu lililoulizwa. Nenda Copley Square, iliko maktaba kuu ya umma ya Boston, katika jengo lililofunguliwa mwaka 1895, ambalo juu ya mlango wake yamechongwa maneno yenye maana ya "Bure kwa wote". Mgeni huingia na kusoma bila kuulizwa kadi, ingawa kuazima ni haki ya wakazi. Ukitaka kununua, mtaa wa West lipo duka la Brattle, linalouza vitabu vilivyotumika. Wahi, kwa sababu siku za dhoruba milango hufungwa mapema. Ila nami nina swali: kwa nini lazima kiwe cha karatasi, na unataka cha lugha gani?

Msafiri wa Mkwakwani:
Nashukuru, Mkutubi. Napendelea karatasi tu, na kiwe cha Kiswahili. Niseme pia kwamba nimewasiliana na mtu aliyeko Worcester mwenye sanduku la vitabu vya Kiswahili, na tiketi ya treni kutoka South Station nimekwisha kuinunua. Mwendo ni kama saa moja na nusu, kwa hiyo nitakuwa nimerudi kabla ya jioni.

Baba Neema, Minnesota:
Kumbe uamuzi umeshafanya! Treni ya kwenda utaipata, lakini ya kurudi anaijua Mungu.

Mkutubi:
Ndugu yangu, hakuna anayesafiri kilomita sabini na dhoruba ikiwa mlangoni kwa sababu ya kupendelea karatasi tu. Kuna jambo hujatuambia. Ukilisema, huenda tukakusaidia vizuri zaidi.

Msafiri wa Mkwakwani:
Sawa, nitalisema. Kitabu si changu, ni cha mama yangu. Presha ya macho imemchukulia uwezo wa kuona, na kwa miaka miwili sasa, kila usiku saa tatu, mimi humsomea kwa simu kurasa kumi. Simu yenyewe ndiyo inayobeba mazungumzo, na umeme ukikatika sitaki chaji iliyobaki iishie kwenye kuangaza kurasa. Tulikuwa tumefika ukurasa wa 58 wa kitabu kile cha zamani, alichokuwa akifundishia darasa la nne Tanga. Sijawahi kuruka usiku hata mmoja, hata nilipolazwa. Mtu wa Worcester ana vitabu vya aina hiyo, na ndiyo maana naenda.

Mdadisi:
Samahani, hadithi hii naiona imetungwa. Saa tatu usiku ya Tanga ni saa saba mchana ya Boston. Kama unapanda treni asubuhi hii, saa saba utakuwa ugenini. Utamsomea wapi? Na siku za kazi ulikuwa ukimsomea wapi, kikaoni? Humu tumeshalizwa na wagonjwa wengi wasiokuwepo.

Msafiri wa Mkwakwani:
Hesabu yako ya saa ni sahihi. Siku za kazi nilikuwa nikimsomea wakati wa chakula cha mchana, kwenye ngazi za dharura za ghorofa ya nne, kwa sababu hapo hapapiti watu, na kitako cha suruali yangu kimeingia rangi ya kijivu ya zile ngazi. Leo nilikusudia kumsomea katika ukumbi wa stesheni ya Worcester. Sijamwomba mtu yeyote fedha.

Mama Salha:
Mdadisi, mwache mtoto wa watu. Nami nakutaka radhi, mwanangu, kwa neno langu la starehe.

Binti Ngamiani:
Kaka, mimi nipo Tanga, na nadhani kitabu unachokisema ninacho, jalada lake limetoka. Nitumie ujumbe wa faragha uniambie ukurasa wa 58 unaanzaje. Kikiwa ndicho, nitapiga picha kurasa za siku tatu, nawe uombe mapokezi ya hoteli wakuchapie.

Mkutubi:
Fanya hivyo, na tiketi iache ipotee. Dhoruba ikipita, nenda maktabani uulize namba 896.392, ambayo katika mpangilio wa Dewey, yaani namba za kupangia vitabu maktabani, ndiyo fasihi ya Kiswahili.

Msafiri wa Mkwakwani:
Ndugu zangu, sikwenda Worcester. Kitabu kilikuwa ndicho, na mapokezi walinichapia karatasi 31 bila malipo. Theluji imeshafunika vioo vya magari hapo chini na umeme bado upo. Saa saba nilimpigia Mama, nikamsomea hadi ukurasa wa 64, ambapo picha haikuushika mstari wa mwisho. Nikanyamaza nikitafuta namna ya kumweleza, naye akaumalizia mstari ule kwa kichwa, neno kwa neno, kisha akaniuliza kwa nini nimesimama.