Tupeane uzoefu: vidung'ata na wadudu wengine kwenye sakulenti za vyungu

Mwanzisha mada, Dar es Salaam

Wapenda maua, habari zenu. Naomba tupeane uzoefu juu ya wadudu wa sakulenti, hii mimea ya majani manene inayoweka maji mwilini: ekeveria, kalankoe, mishubiri ya mapambo, adeniamu na jamaa zake. Kila mmoja aeleze lililomkuta yeye mwenyewe, alichojaribu na mwisho wake ulikuwaje.

Naanza mimi. Baraza yangu iko ghorofa ya pili, inapata jua la asubuhi. Mwaka jana masika ilipokwisha nilinunua ekeveria ya kijivu kwa muuza maua wa barabarani, nikaichomeka katikati ya wenzake siku hiyohiyo. Wiki ya tatu nikaona vipamba vyeupe kwenye makwapa ya majani. Jirani alikuwa anapiga lipu, nikajua ni vumbi lake. Nikavipuliza, havikutoka. Kuja kushtuka, sisimizi wamepanga foleni kutoka dirishani mpaka kwenye vyungu, na majani yananata ukiyagusa.

Walikuwa vidung'ata, wadudu wadogo weupe wanaojifunika nta kama pamba. Ekeveria kumi na moja zilikufa, na mojawapo niliiotesha kutokana na jani alilonipa mama kabla hajafariki. Hiyo mpaka leo inaniuma.

Kwanza niliwamwagia maji kwa nguvu. Kazi bure, kwa sababu wamejipaka nta na maji yanateleza juu yao. Kilichonisaidia ni spiriti ya asilimia 70: nachovya pamba ya masikio, namgusa mdudu mmoja mmoja mpaka nta iyeyuke, nafanya hivyo jioni jua likishazama. Nilirudia kila baada ya siku saba, mara nne. Usipokariri umefanya nusu, kwa sababu jike hutaga mamia ya mayai ndani ya kifuko cha pamba, na wiki inayofuata watoto wapya wako njiani.

Zilizobaki zimepona, isipokuwa mbili. Hazina mdudu hata mmoja majani yote, ila zimedumaa na majani ya chini yanasinyaa hata nikimwagilia. Mwenye kujua anisaidie.

Mdau wa Arusha

Pole sana dada yangu, hasa kwa hiyo ya mama.

Umewataja sisimizi ukapita. Mimi hao ndio walionitesa. Miezi miwili nasafisha kwa spiriti kama wewe, nikigeuka vidung'ata wamerudi. Siku moja nikakaa kwenye kigoda nikawaangalia tu. Vidung'ata wananyonya utomvu, wanatoa majimaji matamu, sisimizi wanayanywa. Kwa ajili ya hayo wanawalinda kama mchungaji na mbuzi wake: wakija wadudu wa kuwala, sisimizi wanawafukuza. Hayo majimaji ndiyo yaliyokunatia dada, na yakikaa yanaota ukungu mweusi kama masizi.

Nikaweka vyungu vyote juu ya meza, kila mguu wa meza ndani ya kopo la maji yenye sabuni kidogo. Nikahakikisha hakuna jani linalogusa ukuta, maana sisimizi akipata daraja la jani moja umerudi mwanzo. Hazikupita wiki nyingi wale wadudu wa mgongo mwekundu wenye madoa meusi wakaanza kuonekana, wao na watoto wao, wanakula. Tangu hapo spiriti naitumia mara mojamoja.

Mdau wa Nanyuki

Hamjambo ndugu zangu. Yangu ni tofauti kidogo, ni ya mpungate, ule mmea wa miiba wenye mabapa manene.

Huku Laikipia mpungate umevamia malisho, mifugo inaumia midomo na matumbo kwa miiba yake. Mwaka 2014 wataalamu walileta mdudu wa kochinili makusudi ili aupunguze. Basi mimi nilikuwa na mpungate wa mapambo langoni, kwenye chungu kikubwa, nimeulea miaka sita. Ukaota pamba nyeupe. Nikabonyeza ile pamba kwa kidole, ikatoka rangi nyekundu kama damu. Nilishtuka, nikadhani nimejikata. Hiyo rangi ndiyo ile ambayo watu wa Mexico walitia kwenye nguo tangu kale, na hata leo inatumika kwenye vyakula na rangi za midomo.

Nilikata mabapa yaliyozidiwa, nikayafunga kwenye gunia na kuyafukia. Yaliyobaki nikayasugua kwa mswaki wa zamani na maji ya sabuni, nikarudia wiki tano. Nusu ya mmea ipo. Mishubiri iliyokuwa kandokando haikuguswa, kwa kuwa huyu anataka mpungate na ndugu zake wa karibu. Kwa hiyo ukiona pamba, ibonyeze kwanza. Ikitoka nyekundu hivyo juu ya mpungate, ujue unashughulika na mdudu mwingine kabisa.

Mdau wa Unguja

Assalaam alaykum. Mie nna adeniamu uani, wengine huliita waridi la jangwani. Maradhi yake makubwa kwangu ni vidukari vya manjano vyenye miguu myeusi, hujazana kwenye vikonyo vya maua mpaka maua yanajikunja hayafunguki. Na mara moja nilipata kiwavi wa kijani, unene wa kidole, ana kipembe mkiani na macho mawili ya buluu karibu na kichwa. Usiku mmoja alimaliza majani ya tawi zima. Huyo unamtoa kwa mkono tu. Lakini vaeni glavu, utomvu wa adeniamu ni sumu, wawindaji wa bara walikuwa wakipaka kwenye mishale.

Kwa vidukari natumia mwarobaini. Natwanga kokwa, si majani, kwani dawa imejaa kwenye kokwa. Naroweka usiku kucha, nachuja kwa kitambaa, natia sabuni ya maji kidogo ishike, napulizia baada ya magharibi.

Kosa langu nililisema hata kwa mamangu mdogo: dawa hiyohiyo niliipulizia ekeveria saa sita mchana. Ule unga wa buluubuluu juu ya majani ukafutika, na unga huo ndio mwavuli wao wa jua. Yakababuka, yakabaki na makovu ya kahawia. Jani lililokwishababuka halirudi, unangojea mengine yaote.

Mdau wa Morogoro

Nimesoma yote. Mimi nilichoka na hizo pamba za masikio nikaenda duka la pembejeo, nikapewa imidaklopridi ya kuweka kwenye udongo. Mmea unaifyonza, mdudu akinyonya anakufa. Imefanya kazi, siwezi kukataa.

Mdau wa Songea

Kaka wa Morogoro, inafanya kazi kweli, lakini inafika pia kwenye maua, na nyuki wanaotua kwenye mshubiri wako wanaipata. Walau usiitumie kwenye mmea unaotaka kuchanua.

Nalisemea kwa uchungu kwa sababu nimekulia kwenye mihogo. Nilipokuwa mtoto ncha za mihogo yetu zilijikunja kama kabichi, kazi ya kidung'ata aliyeingia Afrika kutoka Amerika Kusini miaka ya 1970. Hakuna pampu iliyommaliza. Aliyemtuliza ni nyigu mdogo kuliko punje ya mchele, aliyepatikana Paraguay mwaka 1981 na kusambazwa nchi nyingi za Afrika. Mtaalamu aliyeongoza kazi hiyo, Hans Rudolf Herren, alipewa Tuzo ya Chakula Duniani mwaka 1995. Toka hapo nikishika chupa ya sumu nawaza kwanza nani mwingine atakufa.

Mdau wa Nairobi

Dada mwanzisha mada, hizo mbili zilizodumaa zing'oe leo. Angalia mizizi na upande wa ndani wa chungu. Kuna vidung'ata wanaoishi chini ya udongo, utaona kama unga mweupe. Mimi nilipoteza hawothia nne, sakulenti ndogo hizo, nikidhani ni kiu, kumbe kila nikimwagilia mizizi ya kunywa hayo maji haipo tena.

Ukiwakuta: tupa udongo wote mbali na vyungu vingine, osha mizizi mpaka iwe safi, kata iliyooza, acha mmea ukauke kivulini siku tatu au nne. Chungu kisugue kwa maji moto na sabuni. Panda kwenye udongo mpya wenye changarawe nyingi, usimwagilie wiki nzima.

Mwanzisha mada, Dar es Salaam

Nimerudi. Nimezing'oa zote mbili jioni hii, na ni kama ulivyosema: unga mweupe umezunguka ndani ya chungu na mizizi imebaki kama nyuzi. Moja shina limeoza, nimeokoa majani matano, nimeyalaza juu ya gazeti. Nyingine imekaa dirishani jikoni inakauka, peke yake, mbali na wenzake. Na meza imeshawekewa makopo.