Baraka na neno la msibani

Kikundi: WATOTO WA BIBI KOROGWE

Mama Neema: Shikamooni wakubwa. Nina jambo la Baraka, naomba mnisikilize.

Mama Neema: Wiki hii mwalimu kaniita mara mbili. Kamwaga uji wa mwenzake, kachana daftari. Baraka huyu huyu ambaye hata kuku hamtupii jiwe.

Baba Mkubwa: Ana miaka 7 shemeji, utoto huo. Utaisha.

Mama Neema: Sio utoto. Jana nilimuuliza taratibu, akajifunika shuka gubigubi. Akasema, "Neema alikuwa mzuri, Mungu akampenda zaidi akamchukua. Mimi sitaki anipende."

Shangazi Ester: Jamani Baraka 😭

Baba Mdogo: Mimi ndiye niliyemwambia hivyo. Siku ya mazishi, pale nje ya turubai. Nilijua namfariji.

Mama Neema: Tulisema wote, shemeji. Sikulaumu. Ila usingizi hana. Usiku nashtuka, kidole chake kipo chini ya pua yangu, anaangalia kama napumua. Asubuhi ya shule tumbo linamuuma, Jumamosi haliumi.

Shangazi Ester: Wifi, asichapwe. Linamuuma kweli, ni hofu. Wodini nawaona sana watoto wa hivi, sasa hivi anacheza, baadaye kidogo anavunja kitu, na yote ni majonzi. Mwambie wazi: dada yake Neema alikufa kwa selimundu, ugonjwa wa damu wa kurithi, sio kwa uzuri wake.

Bibi: Mtoto aambiwe "alikufa"? Sisi hatukulelewa hivyo.

Shangazi Ester: Mama, ukimwambia kasafiri, atamsubiri. Ukimwambia kalala, ataogopa kitanda. Wifi, kwani majibu ya kipimo chake anayajua?

Mama Neema: Hajui. Mimi na baba yake wote tuna kinasaba cha selimundu, kila mimba ilikuwa bahati moja kati ya nne kupata mgonjwa. Baraka alirithi kimoja tu, sio mgonjwa. Juzi kajikwaa akalia, "Mguu umeanza kama wa Neema."

Shangazi Ester: Basi hilo ndilo la kwanza kumwambia. Na ukizidiwa piga 116, simu ya watoto, ni bure, hata mzazi anapiga.

Baba Mdogo: Kesho nakuja. Nimwambie mwenyewe kwamba nilikosea.

Bibi: Mwambieni Mungu anawapenda wote, hata watukutu. Na likizo mniletee.

JUMATATU, saa 4 usiku

Mama Neema: Baba Mdogo alikuja, wakakaa barazani mpaka giza likaingia. Baraka akamuuliza, "Kwa hiyo nikiwa mzuri sifi?" Akamjibu, "Hakuna anayekufa kwa kuwa mzuri. Neema aliugua damu. Wewe damu yako ilipimwa, huna ugonjwa ule." Akauliza tena. Na tena. Mara ya tano ndipo akalia, kwa sauti, kwa mara ya kwanza tangu tuzike.

Baba Mdogo: Na mimi nililia naye.

Mama Neema: Sasa kalala. Kidole hakijaja puani. Kashika pindo la kanga yangu, hata kugeuka siwezi.

Bibi: Usigeuke mwanangu.