Dume langu la kulungu halili

Wakuu, nafuga kulungu wa madoa, wale Dama dama: majike 12, dume 1. Wiki ya pili sasa dume hagusi nyasi kavu wala pumba. Anakoroma usiku kucha, anachimba vishimo na kuvikojolea. Dawa ya minyoo nimempa, wapi! Anaumwa?

— Haumwi, ni msimu wa kupanda majike. Atakonda sana, kisha atarudia kula. Usiingie zizini peke yako, hasa kama ulimlea kwa chupa. Huyo hakuogopi, na zile pembe pana si mapambo.

— Duh, nilimlea kwa chupa kweli. Jana kanibana kwenye uzio, nikadhani anacheza.

— Hesabu siku kama 230 baada ya kupandwa, watoto hao. Ukimkuta mmoja kajilaza peke yake majanini, mwache, mama kamficha. Wa kwanza mimi nilimbeba nikidhani katupwa. Mama alizunguka uzio mpaka jioni. Pumba weka sehemu kadhaa, la sivyo wababe wanamaliza. Siku ya chanjo waingize banda lenye giza, wanatulia.