ETI "SAFARI NI FUPI TU, UNA HARAKA YA NINI?" Wazee, mimi nimechoka na hawa watu

Naandika mikono bado inatetemeka. Wenye ndege ni wale wale, mnawajua, sina haja ya kuwataja.

Jana saa 11 alfajiri nimeshafika uwanja wa ndege, Embakasi, Nairobi. Ndege ya Mombasa ni saa 1 asubuhi. Nikaha ya mdogo wangu wa kike ni saa 7 mchana. Baba alishatangulia mbele ya haki, walii, yaani wa kumwozesha, ni mimi. Kanzu nimeipiga pasi, nimeishika juu juu kama mtoto mchanga isijikunje.

Saa 1, kimya. Saa 3, kimya. Naenda kaunta. Yule dada hata macho hakuinua kwenye simu: "Safari yenyewe ni fupi tu, dakika 45. Una haraka ya nini?"

Una haraka ya nini! Mimi! Walii!

Kilomita kama 425 za angani hadi uwanja wa Moi, Mombasa. Reli ni 472, treni huzimaliza kwa saa 5 hivi. Ningepanda ile ya usiku ningefika, nikaoga, nikalala, nikazeeka! Ndege imeondoka saa 8. Ami ndiye aliyemwozesha, nikimpa uwakala kwa simu, nimesimama kando ya mlango wa choo, watu wanapita na mabegi. "Una haraka ya nini." Kaburini nitaingia nayo hiyo.

Fundi_Umoja: Pole, lakini walii gani anasafiri siku yenyewe ya nikaha? Walii hulala huko siku tatu.

Mwenye uzi: Ruhusa kazini nilipewa siku moja! Na wewe unaniuliza kama yule dada!

Mama_Watatu: Dakika 45 ni za hewani. Tiketi huandikwa saa nzima kwa sababu wanahesabu tangu ndege inasogea hadi inaegeshwa. Hapo alikudanganya.

Samaki_Mzima: Mombasa mna nafuu. Kisumu ni kilomita 280 hivi za angani, mwezi jana nimelipa kushinda mtu wa Mombasa. Tena begi likabaki Nairobi.

Mwenye uzi: Begi litaletwa. Nikaha itarudiwa?

Kijana_wa_Rongai: Afadhali nyinyi. Mimi Rongai hadi Embakasi nimekaa kwenye gari saa 2 na nusu. Hewani sikumaliza hata soda.

Fundi_Umoja: Si ulipie ile barabara ya juu, Expressway.

Kijana_wa_Rongai: Ile ni Mlolongo hadi Westlands, Rongai inapita wapi? Kwenye ndoto yako?

Mama_Watatu: Matatu za Rongai jioni ni ngapi siku hizi?

Kijana_wa_Rongai: Mvua ikidondoka tone moja, bei mara mbili. Jana makanga katushusha njiani, pale mall ya Galleria, eti gari limechoka.

Samaki_Mzima: Na hela akarudisha?

Kijana_wa_Rongai: Thubutu!