Natafuta mtu wa kumwangalia mama hapa Kampala, namchunguzaje?

Jamani habari zenu. Mama alipigwa na stroke, upande wa kushoto haufanyi kazi, mimi nashinda dukani Kikuubo mpaka jioni. Watu wananiletea wasichana wa kazi tu ila mi nataka mtu anayejua kumgeuza mgonjwa. Nianzie wapi?

Dada wa Ntinda
Pole sana dada. Kwanza kitambulisho cha taifa, halafu barua ya chairman wa LC1 (uongozi wa kijiji) wa kule anakotoka, na hiyo barua usiiamini hivi hivi, mpigie chairman mwenyewe. Ukiweza mwambie huyo mfanyakazi atoe na ile cheti ya tabia njema ya polisi wa Interpol, gharama lipa wewe.

Nesi mstaafu
Makaratasi sawa, lakini mi ningemwambia amtoe mama kitandani amweke kwenye kiti nikiwa natazama. Akimvuta kwa mkono ule uliopooza, hapana, bega litateguka. Muulize pia mgonjwa anageuzwa kila baada ya muda gani, anayejua atakwambia masaa mawili, na atakagua kisigino na makalio kama ngozi imeanza kuwa nyekundu. Na kabla ya kumpa maji, anamkalisha wima, la sivyo anapaliwa.

Boda wa Jinja
Piga simu kwa familia aliyofanyia kazi mwisho, ila namba usipewe na yeye peke yake, anaweza kukupa ya shangazi yake 😂

Muulizaji
Haha asanteni. Na huyo mfanyakazi akilala hapo hapo nyumbani, usiku nani anaamka?

Nesi mstaafu
Mpangiane zamu mapema, mwanangu, na siku ya kupumzika iandikwe.