Cheti cha mtoto nilichopewa zahanati ni cha serikali au cha UNICEF?

MamaKulwa:
Wakuu habari zenu. Naombeni msaada hapa nimechanganyikiwa. Mwanangu anakaribia miaka 5, alisajiliwa zahanati siku nilimpeleka kliniki, huku kwetu Njombe, na sikutoa hata mia. Cheti kimeandikwa kwa mkono. Sasa juzi nimeenda kumwandikisha awali mwalimu mmoja akakigeuzageuza akasema aah hivi si ndo vile vya UNICEF, nenda wilayani ukachukue cha serikali. Nikarudi nyumbani shemeji naye akadakia eti mradi ukiisha na vyeti vinakufa. Ni kweli jamani? Na kama ni cha serikali UNICEF wameingiaje, mi nilijua wao ni chanjo tu na maji

Kiduka_Makambako:
Dada tulia, hicho cheti ni cha RITA, wakala wa serikali wa usajili. Soma hapo juu kimeandikwa nini. UNICEF hawatoi cheti cha kuzaliwa nchi yoyote duniani, hiyo ni kazi ya serikali yenyewe. Kuandikwa kwa mkono ndo utaratibu wa usajili wa watoto chini ya miaka 5, hakipungui kitu. Kama bado una wasiwasi kuna uhakiki kupitia eRITA, mfumo wao wa mtandaoni, uleule wanaofanya madogo wanaoomba mkopo wa bodi ya mikopo ya chuo

mtendaji_mstaafu:
Nilikuwa mtendaji wa kata wakati huo mkoa wetu unaingizwa kwenye mpango huu wa kusajili watoto chini ya miaka 5, ngoja niwape picha. Zamani ukijifungua hospitali unapewa tangazo la kizazi, halafu na hilo tangazo ufunge safari hadi ofisi ya mkuu wa wilaya, ulipe, urudi tena kufuata cheti, sasa mtu wa kijijini ambaye nauli tu ni shughuli unadhani atarudi? Ndo maana takwimu za 2010 zilionyesha watoto wenye vyeti hawafiki hata mmoja kati ya kumi. Mpango ulianza Mbeya 2013 ukaenda mikoa mingine, Mwanza, Iringa, Njombe, Lindi, Mtwara na kuendelea. Kilichobadilika ni kwamba sisi watendaji wa kata na wale wa zahanati tukapewa kazi ya kusajili, unakuja mara moja unaondoka na cheti, bure, na taarifa za mtoto zinatumwa RITA makao makuu kwa simu ya mkononi. Kwa simu walisaidia Tigo, hela nyingine zilitoka serikali ya Kanada, UNICEF wakawa kwenye mafunzo na vifaa na kusukuma hao wote wakae meza moja. Ila anayesaini ni mtumishi wa serikali na daftari ni la serikali. Shida yetu ilikuwa mtandao, kuna siku unapanda mlimani na simu mkononi ndo taarifa ziende 😂

Bwana_Posho:
Sawa mkuu ila tuseme ukweli, miradi hii nusu ya hela si inaishia kwenye semina na yale magari meupe? Halafu kwa nini taifa zima tusubiri Kanada watulipie kusajili watoto wetu wenyewe

binti_wa_Temeke:
@Bwana_Posho swali la pili nakuunga mkono kabisa, la kwanza hapana. UNICEF haina fungu la michango ya lazima kutoka UN, wanaishi kwa michango ya hiari ya serikali na watu binafsi, na hapa nchini wanafanya kazi kwa mpango wa miaka kadhaa waliokubaliana na serikali, hawajiamulii tu kuingia Njombe. Na kazi yao kubwa hata haionekani barabarani. Angalia utafiti wa ukatili dhidi ya watoto wa 2009 ambao UNICEF walisaidia, ulitoka 2011 na kusema karibu wasichana 3 kati ya 10 walishafanyiwa ukatili wa kingono kabla ya miaka 18. Serikali ingeweza kuzificha zile namba, nchi nyingi zingezificha, lakini ilizitoa hadharani na baadaye ikaja MTAKUWWA, mpango wa taifa wa kutokomeza ukatili dhidi ya wanawake na watoto, na kamati zake mpaka vijijini. Hapo shirika limefanya la maana, limeifanya serikali ijiangalie. Wasiwasi wangu mimi ni daftari na fomu, zikiisha zahanati na mfadhili ameshaondoka nani ananunua? Hiyo inatakiwa iwe kwenye bajeti yetu, full stop

mtendaji_mstaafu:
@binti_wa_Temeke umegusa penyewe. Kuna kipindi fomu ziliisha tukawa tunawaambia kina mama wakaangalie kata ya jirani, aibu tupu

MamaKulwa:
Asanteni sana, kesho narudi shule nacho kilekile. Swali la mwisho, jina la baba wamekosea herufi moja, nirekebishie palepale zahanati?

Kiduka_Makambako:
Usikubali wakufutie kwa peni hapo zahanati utaharibu cheti. Nenda ofisi ya RITA kwa mkuu wa wilaya, beba kadi ya kliniki na kitambulisho cha baba. Na yule mwalimu akikataa tena muombe akuandikie sababu kwa maandishi uone kama ataandika